Maneno Aliyoyalinda Bi Saada

Siku yangu ya kwanza kazini, Al-Naseem, Riyadh, madam alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza kama najua kupika kabsa. Nikamwambia najua pilau. "Pilau ndiyo nini? Yalla, jikoni!" Hakuwa mbaya. Alinifundisha kabsa, wali wa nyama unaopakuliwa kwenye sinia moja kubwa, na namna ya kubana kifuniko kwa kitambaa ili mvuke usitoroke. Nyinyi wa leo mna video kwenye simu. Sisi tulifunzwa kwa kufokewa.

Baadaye ikama yangu, yaani kibali cha kukaa, ilihamishiwa kwa kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini, nikaenda Jeddah. Bosi mpya alikuwa mhandisi kutoka Ufaransa, na kazi yangu ilikuwa kumpikia na kumtunza mama yake, Bi Saada, mwandishi wa vitabu. Bibi huyo hakunificha kitu.

"Mimi Myahudi," akaniambia kwa Kiarabu. "Una neno?"

"Mimi Mwislamu, mama. Wewe je, una neno?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Alizaliwa Yemen, akahamishwa angali mtoto, na vitabu vyake vyote akaviandika kwa lugha ya ugenini. Sasa alikuwa akiandika juu ya marehemu mama yake, akatamani kusikia tena Kiarabu cha kwao. Basi tulikuwa tukienda mtaa wa Ghulail, mimi kutafuta unga wa sima, yeye kuwasikiliza wanawake wa Kiyemeni wakibishana na wenye maduka. Alikuwa na haraka, maana alishaanza kusahau. Alikuwa akimaliza kula, halafu ananiuliza mbona namshindisha njaa. Kitabu kilibakia ukurasa wa mwisho tu.

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, niliweka sufuria juu ya bati lililofunika moto mdogo, nikaacha taa zikiwaka. Kuanzia hapo hadi nyota za Jumamosi Bi Saada hakuwasha moto wala kuandika hata herufi moja. Ndiyo dini yake.

Ijumaa moja, jua limekwishatua, akanishika mkono. "Yamekuja! Maneno ya mwisho yamekuja!"

Nikaichomoa simu. "Mama, nikuandikie? Au nirekodi kwenye simu?"

"Hapana, binti yangu. Siku hii ni ya Mungu, si yangu."

"Na ukiyasahau?"

"Nikiyasahau, halas."

Akawa anatembea ukumbini akiyanong'ona. Niliogopa hata kumsemesha, nisije nikamkatiza. Asubuhi alivaa kiatu kimoja, akakisahau cha pili, akapotea njia ya kwenda msalani, lakini midomo haikukoma. Mwanawe alimtazama, akaufunga mlango polepole, akaenda kulia chumbani kwake. Mimi nililia jikoni.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Mombasa na magoti yangu mabovu. Watu huniuliza kama niliona majumba ya kifahari huko Arabuni. Niliyaona, na nikayafagia. Lakini kilichonistaajabisha kuliko vyote ni Jumamosi ile, nyota zilipotoka. Bi Saada aliketi mezani, akaandika bila kusita hata mara moja, akaweka kalamu chini. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa upole.

"Wewe nani, binti?"

"Mwanaisha, mama. Mpishi wako."

"Kaa basi, Mwanaisha, nikusomee."