Birindwa Aliyeacha Kuogopa

Nitasema kwanza jinsi Birindwa alivyokuwa, maana wengi mtaani kwetu wameanza kumsahau yule wa zamani, na mimi sipendi watu wanaosahau haraka. Alikuwa mwoga. Simtukani. Alikuwa deklarant, yaani karani anayewaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha, na ofisi yake ilikuwa Birere, hapa Goma. Mteja akimpandishia sauti, aliinamisha macho na kuomba msamaha hata pale kosa lilipokuwa la mteja mwenyewe. Jioni, kabla giza halijaingia, alikuwa tayari ndani, meza ameisukuma hadi mlangoni. Mke wake Domitille alimtania kwamba ameolewa na mwanamume anayewapisha njia hata kuku wa jirani. Wote wawili ni watu wa upande wa Bukavu, na Domitille alimpendea uoga huo huo, kwa sababu kwao walikuwa wamekwisha kuzika wanaume jasiri wa kutosha.

Kisha ikaja ajali ya pikipiki. Alikuwa anarudi kutoka Bunagana, mpakani na Uganda, alikokwenda kikazi, na kabla hawajafika Rutshuru dereva akakwepa shimo, akashindwa. Birindwa alijigonga paji la uso kwenye jiwe. Alilazwa, akashonwa, akarudi nyumbani na kovu juu ya nyusi. Katika shirika letu, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa mmoja, tulimwimbia Mungu nyimbo za shukrani, tukala wali na nyama.

Mabadiliko yalianza kwa kupendeza, ndiyo maana yalitudanganya. Alicheka kwa sauti. Aligombana na mwenye nyumba, akashinda. Kwenye harusi ya mpwa wake alicheza mpaka shati likalowa. Papa Adalbert, mkuu wa shirika, mtu anayependa sana kusikia sauti yake mwenyewe, alimsimamisha atoe ushuhuda, nasi tukapiga makofi kwamba Roho Mtakatifu amemwondolea roho ya woga. Domitille peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameona mengine. Mlango sasa ulilala wazi. Mtoto wao mmoja alipojiunguza kwa mafuta, baba alimtazama, akaendelea kula. Siku moja alimwambia askari barabarani kwamba bunduki yake ni chafu, akaigusa kwa kidole. Yule askari alicheka tu. Domitille, aliyekuwa ubavuni mwake, alimvuta mkono hadi nyumbani.

Alimrudisha hospitali, nami, jirani yao, nikawasindikiza. Daktari, mama mmoja mtulivu aitwaye Annonciata, alitundika picha ya ubongo kwenye taa, akatuonyesha doa nyuma ya paji la uso. Alituambia sehemu ile ndiyo inayopima mambo kabla mtu hajatenda. Ndani zaidi kuna kitu kidogo kama haragwe kinachoamsha hofu, na njia inayounganisha hivyo viwili ilikuwa imeumia. Hakutaka tumwelewe vibaya. Tabia ya mtu, alisema, haikai mahali pamoja tu kichwani, na huwezi kuangalia picha ukasema huyu mkali, huyu mpole, kwani malezi na maisha navyo vinaujenga ubongo. Lakini pakiumia mahali kama pale, mtu anaweza kugeuka mwingine.

Domitille aliisogelea ile picha. “Docteur, ule upole wote nilimupendea, njo ilikuwa tu nyama ya mu kichwa?”

“Upole ilikuwa yake, mama,” Annonciata alijibu. “Ila iko na fasi yake mu kichwa, na ile fasi imeumia.”

Huenda angepona baada ya muda mrefu, huenda asipone. Mpaka hapo, alituonya, asifikishwe penye ugomvi wala penye silaha, maana hatajua pa kuishia. Nilitaka kumuuliza ni wapi hapa Goma pasipo na silaha, lakini nikapokea tu ile picha aliyotukabidhi. Halikuwa kosa lake.

Haikupita muda, wenye silaha wa kile kizuizi kilicho juu ya mtaa wetu wakamkamata Jephté, kijana wa Mama Micheline wa shirika letu, kwa sababu ambayo hakuna aliyeielewa. Mtu wa kwanza aliyekwenda kumwombea aachiwe alirudi na mkono uliovunjika. Jumapili baada ya misa, shirika likakutana nyumbani kwa Papa Adalbert kuchagua msemaji mwingine, na sala haijaisha, macho yote yalikuwa kwa Birindwa. Yeye alikuwa anamenya karanga, amefurahi.

Domitille akasimama, akaiweka ile picha mezani kando ya Biblia, akaeleza yote aliyoambiwa na daktari.

“Mu hii muji, woga njo inalinda mutu,” akasema. “Yeye hana tena. Muko munatuma mugonjwa.”

Papa Adalbert aliigeuza picha huku na huku, akasema hakuna mashine inayoweza kupiga picha ya neema. Nilimwangalia usoni. Alikuwa amesadiki kila neno la Domitille. Wote walikuwa wamesadiki, na ndiyo maana walimtaka Birindwa, kwa sababu mtu mwenye hofu yake kamili asingekubali kwenda. Hasira zikanipanda, nikawauliza nani mwingine yuko tayari. Hakuna aliyejitolea. Mama Micheline akaanza kulia kwa sauti ya chini, nami nikaenda kuketi kando yake.

Birindwa alikung'uta maganda mapajani, akauliza kwa nini tunapoteza muda na kijana anangoja. Akatoka. Domitille akakaza kitenge chake, akamfuata. Nilimshika mkono mlangoni, nikamsihi abaki kwa ajili ya watoto.

“Acha, dada yangu,” akaniambia. “Lazima mumoja wetu aogope. Miye nitaogopa kwa sisi bote mbili.”

Tuliwatazama tukiwa nyuma ya ua wa mawe. Walipanda taratibu, mume mbele, mke akimvuta shati kila alipotaka kuharakisha. Askari wawili wakatoka chini ya turubai. Mmoja akainua bunduki na kuwaamuru wasimame pale pale, na sauti yake ilitufikia hadi huku chini.

Domitille akasimama. Shati likamponyoka, na Birindwa akaendelea kupanda, mkono ameunyoosha kusalimia.