Ubao wa Nyuma wa Gari la Marehemu

Gari la marehemu Mzee Daudensi lilifika Mahenge uchi. Injini, boneti, usukani na kiti vilipanda mlima kwa magurudumu yake. Bodi yake yote ya mbao ilitangulia mbele, ubao mmoja mmoja, vichwani mwa wanawake waliokuwa wakienda kwenye matanga ya huyo huyo Mzee Daudensi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimebeba turubai begani, na vumbi la gari na nyimbo za wale wanawake vilinijia pamoja.

Lakini safari ilianzia Ifakara, mtaa wa Mlabani, katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja, na kila asubuhi ya kiangazi niliisikia pikapu ya Mzee Daudensi kabla sijaiona. Ilikuwa na kikohozi chake: mara mbili kikavu, mara ya tatu kirefu, ndipo ingurume. Wanawake wa Mlabani walikuwa wakibandika chai kwa kikohozi hicho. Pikapu ile ilibeba mpunga wa wakulima, samaki wakavu kutoka mtoni, wagonjwa na maharusi. Mzee alipougua ilisimama chini ya kibanda, na kuku wakahamia kulala juu ya boneti.

Siku ya maziko, kaka yake mkubwa, Mzee Wendelini, aliyekuwa ameshuka kutoka Mahenge, alisimama mbele ya ukoo akasema, "Matanga tutayamalizia kwetu, mlimani. Gari la ndugu yangu lifike huko siku hiyo, likiwa zima, tulione. Likifika, Kasiani ataendelea kuliendesha kama baba yake. Lisipofika, basi limekufa na mwenyewe. Injini itashushwa, tuifungie mashine ya kusaga mahindi."

Kasiani alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu. Tangu ujana wake alikuwa utingo wa baba yake, na hakuwa na kazi nyingine wala shamba la maana. Aliitikia tu, "Sawa, Baba," kwa kuwa baba mkubwa ni baba. Jioni alikuja barazani kwangu. "Kaka Rajabu," akasema, "nishonee turubai jipya. Na uje nalo mwenyewe, ulifunge vizuri mbele yao." Mimi sikuwa nimewahi kuvuka mto kwenda upande wa Ulanga. Nikasema nitakwenda.

Wiki zilizofuata Mlabani ilipata mahali pa kukaa: kibandani, kumtazama Kasiani. Kasiani aliitoa rejeta akaiziba kwa risasi, akasugua plagi kwa mchanga wa mtoni, akapaka sabuni ya mche mahali tangi lilipovuja petroli, ikaganda kama nta. Tairi moja halikupata mpira wa ndani, akalishindilia nyasi kavu mpaka likawa gumu kama gogo. Siku aliposhika hendeli akazungusha, pikapu ikakohoa mara mbili kikavu, ya tatu kirefu, ikanguruma. Mama mmoja jirani alitoka nje na mwiko mkononi, akasimama pale pale akilia.

Kilichobaki kilikuwa bodi, maana ile ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Kasiani alitaka mbao za masanduku, nyepesi. Mzee Gotfridi, seremala wetu, alikasirika. "Mbao za masanduku ya sabuni? Kwa Daudensi? Mtu huyu alinibebea mke wangu hospitali usiku wa mvua." Akatoa mbao za mkongo, zile nene za kutengenezea milango, ambazo hazijakauka vizuri. Hakuna aliyempinga. Kila aliyepita aligonga ule mkongo kwa vidole akasema hiyo ndiyo heshima. Gari likang'aa kwa mafuta ya nyonyo, na mimi nikalishonea turubai lenye pindo jekundu.

Tuliondoka Ifakara asubuhi na mapema, Kasiani kwenye usukani na mimi pembeni. Kivukoni tulilikuta pantoni likisubiri. Wakati ule lilivutwa kwa kamba na wanaume waliokuwa wakiimba, na viboko walitazama kwa pua tu. Gari lilipoingia, pantoni likainama upande mmoja, na mkuu wa wavutaji akaacha kuimba.

"Mmepakia nini humo?"

"Hatujapakia kitu," Kasiani akasema. "Turubai tu."

Yule mzee akazunguka nyuma, akachungulia, akakuta patupu. "Basi gari lenu lina mimba," akasema. "Vuteni, jamani, kabla halijajifungua kwetu."

Tulicheka sote. Ng'ambo tulipita katika nyasi zilizochomwa, na sheshe, wale swala wa bondeni, walisimama mbali wakitutazama, wekundu kama udongo. Kasiani alinionyesha mahali baba yake alipozoea kusimama kunywa maji, mahali walipozama kwenye tope wakalala, na mti aliougonga siku ya kwanza aliyoachiwa usukani. "Baba hakunifokea," akasema. "Alishuka akauomba mti msamaha."

Lupiro tulisimama kuijaza rejeta maji. Mzee mmoja aliyelijua gari kwa sauti yake alitoka na kibuyu cha togwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Kasiani akajibu. Mimi nikasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kikohozi hiki nimekisikia tangu kule mashambani, nikasema Daudensi amefufuka." Akainama akatazama chini ya gari. Springi zilikuwa zimelala kabisa. Akaweka kiganja juu ya ubao. "Mkongo huu, mwanangu! Mnakwenda nao mlimani?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Kunyweni togwa, mtaihitaji."

Saa sita tuliufikia mguu wa mlima, barabara inapoanza kujikunja kuelekea Mahenge. Kasiani aliweka gia ya kwanza. Gari lilipanda kidogo, likatetemeka, rejeta ikatoa mvuke, na kona ya kwanza ikatushinda. Tukarudi nyuma taratibu huku mimi nikitupia mawe chini ya matairi. Tulijaribu tena, na tena. Mara ya mwisho klachi ilinuka kama nywele zilizoungua. Kasiani akazima, akashuka, akakaa barabarani. Matanga yalikuwa siku ile ile. Aliitazama ile bodi nzuri, wala hakuhitaji mtu wa kumwambia kilichotokea: heshima ya mtaa mzima ilikuwa imemkalia mgongoni.

Ndipo tukasikia nyimbo. Kundi la wanawake kutoka bondeni lilikuwa likija na vikapu vya mchele kichwani, wakienda kwenye matanga hayo hayo. Mbele yao alikuwa Mama Skola, mtani wa ukoo wa marehemu, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kengele. Mtani kwetu hana adabu msibani, na hiyo ndiyo kazi yake.

"Kasiani! Umekaa chini kama mjane. Huyu mume wako amekufaje?"

"Limekataa, Mama."

"Limekataa au mmelikataza?" Akalizunguka gari, akagonga ubao. "Ala! Mmempandisha mlima bibi kizee, halafu mmembebesha milango ya kanisa! Nani mwenye akili hizi?"

"Mlabani nzima," nikasema.

"Nilijua. Mtu mmoja hawezi kuwa mjinga hivi." Akatua kikapu chake. "Fungueni mbao. Wanaobeba mchele watabeba na mlango."

Kasiani hakuinuka. "Baba mkubwa alisema lifike zima."

"Litafika zima. Alisema lifike kwa mkupuo mmoja?"

Basi tukafungua. Kasiani alitia alama kila ubao kwa mkaa, ili tujue unarudi wapi, na bolti zote nikazikusanya kwenye kofia yangu. Wanawake wakagawana, wengine wawili wawili, vikapu na mbao pamoja, wakaanza kupanda wakiimba kwamba wanamrudisha Daudensi kwao kipande kwa kipande. Kasiani alizungusha hendeli. Gari likakohoa, likanguruma, na safari hii kona ya kwanza ikapita, na ya pili. Katika kona moja juu yangu nilimwona akilia huku anacheka, mikono miwili kwenye usukani.

Alasiri tulifika kwa Mzee Wendelini. Hewa ilikuwa ya baridi, na ua ulikuwa umejaa watu. Mzee alitoka na fimbo yake, akalitazama lile gari lisilo na nyuma.

"Hili ni gari au mifupa yake?"

"Shikamoo, Baba. Nguo zake zimetangulia. Hizo hapo."

Ukoo wote ulisimama ukitutazama tukiirudisha bodi, alama kwa alama. Nilizitoa bolti kwenye kofia mojamoja. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, sakafu. Kisha tukatafuta ubao wa nyuma, ule unaofunguka kushushia mizigo, na hatukuuona.

Mama Skola alikuwa ameukalia mlangoni mwa jiko, amenyoosha miguu.

"Huu nimeukamata," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni haki yangu ya utani. Mwenye gari na aje aukomboe kwa kuku."

Watu wakapiga makofi na vigelegele, kwa kuwa ndivyo ilivyo: mtani hukamata kitu cha marehemu, na wafiwa hukikomboa. Lakini makofi yakapungua, yakaisha. Kila mmoja alikuwa ameanza kuelewa. Atakayeleta kuku atakuwa amesema mbele ya ukoo kwamba yeye ndiye mwenye gari. Na pasipo ule ubao, gari halikuwa limefika zima.

Mzee Wendelini alikuja akakaa karibu nami. Hakuwa mtu mbaya. "Fundi," akaniambia taratibu, "wewe unaona gari. Mimi nawaona wake zetu na michi, kila alfajiri, mpaka viganja vinapasuka. Ile injini ingesaga mahindi ya kijiji kizima." Kabla ya hapo nilikuwa na hakika kwamba haki yote iko upande wa Kasiani.

Jua lilipokuwa linashuka niliitwa nyuma ya jiko, maana mimi ndiye niliyekuwa Mwislamu pale, na kuku wa kuliwa na wote ilinipasa nimchinje mimi. Mama Skola alikuwa amewashika wawili kwa miguu, mmoja mwekundu, mmoja mweupe.

"Hawa wote ni wa nini, Mama?"

"Wa kukombolea. Mmoja kaletwa na mtoto kwa mlango ule, mwingine kaletwa na mzee kwa mlango huu. Hawakukutana."

"Yupi ni wa nani?"

"Fundi, umeitwa kushona au kuchinja? Chinja."

Nikachinja. Tukala wote, na kuku walikuwa watamu.

Asubuhi yake Kasiani na baba yake mkubwa walifika jikoni kwa wakati mmoja kuudai ubao, kila mmoja akamshangaa mwenzake. Mama Skola alikuwa bado ameukalia. "Ubao umekombolewa mara mbili," akasema. "Nikimpa mzee, nimemla kuku wa mtoto bure. Nikimpa mtoto, nimemla wa mzee. Kubalianeni kwanza, nyinyi wawili. Mimi nipo, sihami."

Mzee Wendelini ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kikao cha ukoo cha kuamua habari ya gari kikaahirishwa hadi mavuno yajayo, na kwa kuwa mpunga wa watu ulikuwa unasubiri Ifakara, Kasiani akaruhusiwa kurudi na gari likiwa hivyo hivyo.

Kurudi tulishuka mlima tumefunga mti wenye matawi yake nyuma ya gari, ukiburutwa, usaidie breki. Ubao wa nyuma ungekuwepo, matawi yangeupiga njia nzima. Kivukoni yule mkuu wa wavutaji alituona kutoka mbali.

"Limejifungua?"

"Limejifungua," Kasiani akapaza sauti. "Mtoto tumemwacha Mahenge."

Mlabani nililikata lile turubai lenye pindo jekundu, nikashona kipande cha kufunika nyuma, chenye vitundu vya kamba. Mzee Gotfridi alitaka kuchonga ubao mwingine, Kasiani akakataa. Kwa miaka mingi Ifakara ililijua gari lile kwa kikohozi chake na kwa pazia langu. Na kila mavuno Kasiani alipanda mlimani, akayashusha mahindi ya kwa baba yake mkubwa kwenda kusagwa, akayapandisha yakiwa unga. Walikaa, walikula, walizungumza habari za mvua. Habari ya gari haikufunguliwa, na sasa wote wawili wamelala kaburini.

Mimi niliyekwenda kufunga turubai nilirudi nimejifunza kwamba watu wanaweza kugombea kitu kimoja maisha yao yote bila kukosana, iwapo yupo mtu wa kukikalia katikati.

Nilipanda tena Mahenge siku za karibuni. Ule ubao upo, ni benchi la jikoni kwa Mama Skola, na alama ya mkaa bado inaonekana upande wa chini. Mwenyewe ni kikongwe, haoni vizuri, lakini sauti ni ile ile. Aliponitambua aliniuliza kabla hata sijamaliza kumwamkia:

"Fundi, ulianza na kuku yupi? Mwenye kuku wa kwanza ndiye aliyekomboa."

Nikamwambia nilianza na yule mweupe.

"Ah," akasema, akapapasa ubao aliokalia. "Na mweupe alikuwa wa nani?"