Nilimnyooshea Kidole Fundi Wangu Mbele ya Mgeni Rasmi

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa dakika mbili tu nitakuwa nimeshamlaumu mshereheshaji.

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Kikuyu hapa Dodoma, na ugonjwa wangu ni kamati. Harusi, msiba, kipaimara cha mtoto wa jirani, kote mimi ni katibu. Risala zangu zinasifika. Nimeshamliza mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa choo!

Basi tukaunda kamati ya kuonyesha filamu ya hisani. Nia ilikuwa njema kabisa: watu wanunue tiketi, waangalie filamu ya watoto waliotendewa mabaya majumbani mwao, na mapato yaende kwenye kituo kinachowasaidia vijana waliopitia hayo. Filamu yenyewe ilikuwa ya saa moja na nusu. Likumbuke hilo.

Onyesho lilipangwa Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa. Jua la Dodoma mnalijua. Tukahitaji mapazia meusi mazito, na kazi hiyo nikampa fundi wangu wa nguo.

Jina lake silitaji, nimeshalichezea vya kutosha. Nitamwita Fundi. Ni binti wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa na banda la cherehani mtaani kwetu, mpole, akikupima hakutazami usoni. Siku moja, muda mrefu kabla ya mambo ya filamu, alikuwa nyuma yangu ananipima mabega. Akaanza tu kunieleza, taratibu, jambo alilotendewa akiwa mdogo. Aliyemtenda ni mtu wa nyumbani kwao, na mpaka leo akikutana naye inabidi amwamkie shikamoo.

Alitendewa nini? Usiniulize. Safari hii nimefunga mdomo, ingawa nimechelewa.

Alipoleta mapazia akauliza, "Anti, hiyo filamu na mimi naweza kuja?"

"Njoo, mwanangu! Tena wewe ndiyo inakuhusu."

Akatazama chini. "Nitakaa nyuma kabisa. Sitaki mtu ajue. Kukiwa na giza nitalia vizuri."

"Nani atakuona? Giza lenyewe si umelishona wewe?"

Tukacheka. Nikamwahidi, nikaapa na kuapa.

Siku ikafika. Saa nane watu wamejaa, mapazia yamefungwa, projekta inawaka, bado kubonyeza tu. Lakini filamu ianzeje bila mgeni rasmi? Thubutu! Mwenyekiti wetu alisema afadhali sherehe ikose filamu kuliko kukosa mgeni rasmi. Tukasubiri. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Watu wanajipepea kwa makaratasi ya ratiba, watoto wameshaomba maji mara tatu.

Saa kumi mheshimiwa akaingia, na mpiga picha akalalamika kwamba ukumbi una giza. Mapazia yote yakafunguliwa!

Ikaanza itifaki. Wakatambulishwa wa meza kuu, wakatambulishwa waliowasindikiza wa meza kuu, wakatambulishwa wadhamini, halafu waliotuma wawakilishi, halafu wawakilishi wenyewe. Vijana wa kituo tuliwavisha fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani NIMEPONA, tukawaketisha mbele kama zawadi za bahati nasibu. Nani alibuni lile neno? Mimi hapa!

Kisha nikaitwa kusoma risala.

Sasa ndugu yangu, sikiliza dhambi yenyewe. Asubuhi ile niliipitia risala nikaiona kavu, imejaa maombi ya viti na magodoro, haina pa kumtoa mtu chozi. Nikaongeza aya moja. "Mheshimiwa mgeni rasmi, yupo binti mmoja, fundi cherehani wa hapa hapa Kikuyu..." Nikaeleza yote, hadi na yule mtu wa nyumbani. Jina sikuliweka, nikajiona mwerevu kweli. Nikamalizia kwa kusema kwamba hata mapazia ya ukumbi huu ameyashona yeye!

Mgeni rasmi akatoa leso. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamani, yale makofi! Nililewa.

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Huyo shujaa wetu yupo humu? Kama yupo, asimame tumuone!"

Hakusimama mtu. Watu wakawa wanageuza shingo huku na huku. Mshereheshaji akanitazama mimi. Na mimi, mama mzima niliyeapa, nikanyoosha kidole hadi kiti cha mwisho kule ukutani.

Fundi akasimama. Jua la dirishani lilikuwa linampiga usoni, na nusu ya wateja wake walikuwa mle ndani. Akaletewa kipaza sauti. Akasema sentensi moja kwa lugha ya kwao, ambayo pale hakuna aliyeielewa, akakirudisha, akatoka nje.

"Ametoa shukrani kwa lugha ya mama! Makofi kwake!" akasema mshereheshaji.

Wakapiga. Na mimi nikapiga!

Mheshimiwa akahutubia weee, akapiga picha na fulana nyeupe, akasema ana kikao kingine. Msafara wake ukaondoka na nusu ya ukumbi. Filamu iliwekwa saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na mbili kamili mwenye ukumbi akazima umeme kwa kuwa muda wetu umeisha. Mpaka leo sijui wale watoto wa kwenye filamu waliishia wapi.

Kwenye kikao cha tathmini tulipongezana. Niliposema jamani tumemwumiza mtoto wa watu, mwenyekiti akashauri iundwe kamati ndogo ya kuomba radhi. Kamati ndogo ikakaa, ikaamua apewe cheti. Cha fremu!

Nikaenda bandani kwake nikakuta kumefungwa. Jirani akanieleza. Watu walikuwa wanakuja bila kitambaa, wanakuja kumtazama tu, wengine kumpa pole, wengine kumuuliza kama ni kweli. Habari ikafika hadi kijijini, na kwao wakamwambia asikanyage tena maana amewaaibisha. Akabeba cherehani yake akahamia Zuzu, nje kidogo ya mji.

Nikamfuata Zuzu, cheti nimekitia kwenye kikapu. Nilimkuta anashona barazani mwa duka, wateja wapya watatu wamemzunguka. Aliponiona, mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu."

Maneno yote niliyoyapanga njia nzima yakaishia hapo. Bingwa wa risala mimi!

Mmoja wa wale wanawake akanikagua juu hadi chini. "Fundi, huyu mama ni nani wako?"

Nikangoja. Alikuwa na haki ya kusema. Sentensi moja tu, na Zuzu nzima ingenijua mimi ni mtu wa namna gani.

"Mteja tu," akasema. "Amekuja kupima."

Akachukua futi yake, akapita nyuma yangu, akanipima mabega. Samahani ilikuwa mdomoni. Lakini ningeitoa pale, wale wanawake wangeuliza samahani ya nini. Nikaimeza. Ndiyo siri pekee niliyowahi kumtunzia.

Gauni la vipimo vile alilituma kwa bodaboda, limenikaa sawasawa. Sijaweza kulivaa. Cheti kiko nyuma ya kabati, na simu zangu hapokei.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati huko, unayetafuta aya ya kumliza mgeni rasmi, mlize kwa mambo yako mwenyewe. Funga mapazia, washa filamu kwa wakati. Mheshimiwa akichelewa ataikuta katikati kama watu wengine. Na mshereheshaji akisema asimame tumuone, halafu akakutazama wewe, mikono yako ikalie!