Waliyemwacha Mwezini

Jumamosi alasiri tulijaa ukumbini Tororo kutazama sehemu ya pili ya ile sinema ya watu waliosafiri mwezini. Sehemu ya kwanza iliishia mwenzao mmoja akiachwa huko, akipunga mkono, na mwaka mzima tulikuwa tumebishana kama ataokolewa.

Kando yangu aliketi mama muuza samaki kutoka Busia. Hakutulia. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kwenye turubai la sinema chombo kiling'aa kama sufuria mpya, mavazi yakametameta, mitambo ikawaka taa za kila rangi. Wasafiri walicheza dansi, wakaoana, wakarudi duniani. Sinema ikaisha.

Mama akasimama. "Bwana mfasiri," alimwita yule aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza, "na ule mtu walimwacha?"

"Mama, hawakumtaja."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mume yangu alienda vita ya Burma," alisema. "Wenzake walirudi na makoti mazuri. Niliwauliza habari yake, wakanionyesha makoti."

Kicheko kilikatika. Mfasiri alishuka jukwaani, akavua kofia, akamwuliza mumewe aliitwa nani. Mama akalitaja jina kwa sauti, ukumbi mzima ukalisikia.

Mhariri wa gazeti letu alinituma niseme kama sinema hiyo ni nzuri. Ni nzuri kwa macho. Lakini nilitoka pale na jina la mtu nisiyemjua, na tangu siku hiyo sijatulia.