Kabla Hujanunua Mashine ya Picha za Baba Yako

Andika, Wambui mjukuu wangu, na usiyapambe maneno yangu. Mimi ni binti wa Kariuki na Gathoni, nilizaliwa Mukurwe-ini, na sikuwahi kuketi darasani hata asubuhi moja. Nakuambia haya kwa sababu unataka kununua mashine ya kuchapa picha nyumbani, nawe umeanza kuichagua kwa umbo lake.

Naikumbuka siku ambayo kaka yangu mkubwa, Ndiritu, alimpeleka baba yetu Karatina kupigwa picha. Baba aliugua kifua, na sote tulijua kwamba hangeiona mvua nyingine ya masika. Hakuwa na picha hata moja. Mama ndiye aliyeitaka. Mke wa Ndiritu alikuwa mjamzito, na unaijua desturi yetu: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Mama alitaka mtoto huyo aonyeshwe uso wa mwenye jina.

Karibu na soko kulikuwa na wapiga picha wawili. Mmoja, mtu mzima asiye na maneno mengi, alisema picha ingekuwa tayari baada ya juma zima, kwa kuwa aliziosha tena na tena katika maji safi mpaka dawa yote itoke. Wa pili alitoa picha siku hiyo hiyo, na ukutani alitundika fremu za kung'aa zenye maua kwenye pembe. Ndiritu alikuwa na haraka. Alichagua fremu.

Baba alizikwa kabla ya mahindi kukomaa. Mtoto akazaliwa, akaitwa Kariuki. Picha nayo ikaanza kugeuka manjano pembeni, kisha hudhurungi, na doa lile likatambaa kuelekea usoni. Macho ndiyo yaliyotangulia kupotea. Kariuki mdogo alipoanza kusema, ndani ya kioo palikuwa pamebaki koti na mikono iliyowekwa magotini. Mama hakuishusha. Siku moja alimbeba mtoto mbele ya picha hiyo, sote tukiwa tumeketi.

"Huyu ni nani, cucu?" mtoto akamwuliza nyanya yake.

"Ni wewe."

"Mbona sina kichwa?"

Hakuna aliyecheka. Mama alimgeukia Ndiritu, wala hakupaza sauti. "Ulimnunulia baba yako fremu," alisema. "Picha hukuinunua."

Ndiritu alikuwa mtu wa mzaha, mwanangu, mtu ambaye hata matangani aliwachekesha watu. Alitoka akaenda kukata majani ya ng'ombe, na jioni hakula. Alizeeka bila kuruhusu jambo lile litajwe nyumbani mwake. Nami leo hii siukumbuki uso wa baba yangu. Nakumbuka kikohozi chake tu.

Baba yako nilimpa jina hilo hilo, naye tumemzika mwaka huu. Picha zake zimo ndani ya simu iliyopasuka kioo, ambayo huzimika inapotaka. Mke wa kaka yako amekaribia kujifungua, na ikiwa ni mvulana, ataitwa Kariuki. Ndiyo sababu nilikushika mkono Jumamosi pale dukani Nyeri, ulipokuwa tayari kulipa.

"Cucu, hii iko sawa kabisa," muuzaji aliniambia. "Bei iko chini, na angalia vile inang'aa."

"Wino wake unauuza wewe?"

"Hiyo tunaagiza Nairobi. Lakini hapa ndani kuna ya kuanzia."

"Na ya kuanzia ikiisha?"

"Kwani cucu ni polisi?"

"Ningekuwa polisi ningekuuliza mara moja tu."

Ulinikasirikia njia nzima ya kurudi, mpaka tukafika Skuta. Kasirika, lakini sikiliza. Usiulize bei ya mashine kabla ya kuuliza bei ya wino na karatasi zake, na kama vinapatikana hapa Nyeri au Karatina. Uliza pia kama yupo fundi wa hapa mjini anayeifahamu. Mwalimu jirani yetu aliiacha yake bila kuitumia likizo nzima. Wino ukakauka kwenye matundu unakotokea, na sasa kila uso unatoka na mistari. Sisi hatuchapi picha kila siku. Basi tafuta ile ndogo inayotumia utepe wa rangi, isiyo na wino wa kukauka, mradi utepe wake uuzwe karibu. Ukiikosa, nunua ya wino, na kila juma uchape kitu, hata kama ni picha ya kuku.

Mwambie muuzaji achape picha ya mtu mweusi kama sisi mbele yako. Usitazame nguo, tazama ngozi. Isiwe ya kijani wala ya majivu. Ikikauka, ipitishie kidole chenye maji uone kama rangi inatoka. Akikataa, ondoka.

Lakini leo, kabla ya duka lolote, toa picha za baba yako kwenye simu ile uziweke mahali pengine pia. Mashine inaweza kungoja. Simu haitakungoja.

Ukishachapa, tunza ile aliyopigwa shambani akiwa na matope kwenye buti. Ile ya suti iliyotangulia mbele ya jeneza usiitundike. Huyo hakuwa yeye. Moja iwe ukutani mbali na dirisha, nyingine ndani ya mkebe mkavu, na nyuma uandike kwa penseli jina lake na majina yetu tuliomzaa. Tunza risiti ya mashine. Boksi lake lichome.

Mungu akupe mkono usio na haraka na jicho lisilodanganyika kwa kinachong'aa. Akujalie watoto watakaojua walikopata majina yao, na wewe mwenyewe usisahauliwe.

Kesho asubuhi nipige picha nikimenya viazi, maadamu bado naweza kuketi wima. Sitatabasamu. Itunze hivyo hivyo.