Proteje zangu za mufukoni

Naapa mbele ya Mungu na kaburi la mama yangu, kila neno hapa ni kweli! Kwa mechi ya wamama, hapa Kasongo, arbitri alikuwa anagonga miguu ya kila muchezaji, asikie kama proteje ya kulinda muundi iko ndani ya soksi. Mama moja wa timu ya Wamaza hakuwa na proteje, alitia vipande vya bidon ya maji, ile ya plastiki.

"Mama, hii iko na makali, itakata mwenzako. Toka!"

"Papa arbitri, nimetembea siku mbili!"

Akafunika uso na jezi. Mimi, mushambuliaji aliyetetemesha Maniema yote, miaka makumi mbili nakuja kutazama kila mechi na proteje mufukoni, kocha wa timu yetu asije akaniita nikiwa sina. Nikamupatia zangu. Akaingia mbio.

Tafazali, musimwambie kocha kama sina tena. Anaweza kuniita kesho.