Wavu Usioguswa

Juzi, nikingoja zamu yangu kwenye ofisi ya afya hapa Bagamoyo, mtu mmoja wa Zinga alivua kofia akamwambia karani:

"Bwana, naomba ruhusa ya kusafisha wavu wa mbu dirishani kwangu. Umeziba kwa masizi, hewa haipiti."

"Nani amekukataza?"

"Bwana Afya. Siku alipoupigilia misumari alisema asiuguse mtu. Huu mwaka wa tatu."

Akaeleza kwamba chumba hicho ni cha mzazi: jiko la mkaa huwekwa chini ya kitanda na mlango hufungwa, mpaka arobaini itimie.

Karani akainua uso. "Mzazi hajambo?"

"Tumemzika jana. Moshi ulimmaliza. Sasa humo analala mama yangu na kile kichanga, na jiko lao."

Karani akatazama kalenda ukutani. "Bwana Afya yuko safarini. Rudi Jumatatu."

"Ahsante, bwana." Akavaa kofia, akatoka.

Sisi watu wa pwani twajisifu kwa adabu. Hata mimi, niliyejua kwamba wavu ule ulitaka brashi tu, sikumfuata nikamwambia. Nilichelea kupoteza zamu yangu.